Bahasha Namba 209

Jumatatu tarehe 11 Septemba 1995, saa mbili na nusu asubuhi, kipimajoto cha chumba namba nne kilisoma nyuzi ishirini na moja. Theopista Shirima aliandika tarakimu hiyo kwenye daftari la chumba, akaweka saini, halafu akahesabu bahasha. Zilikuwa 614. Ndivyo zilivyokuwa Ijumaa, na ndivyo zilivyokuwa kila Jumatatu tangu mwaka 1988, ilipoingizwa ya mwisho.

Chumba kilikuwa sehemu ya kituo cha utafiti wa misitu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kupanda kutoka mjini Moshi. Kituo kilikuwa kinafungwa. Serikali ilikuwa imepunguza wafanyakazi, na majengo yalikuwa yamepata mwekezaji wa maua ya kuuza nje, aliyetaka vyumba viwe vitupu kufikia Ijumaa. Kati ya watumishi thelathini na mmoja walikuwa wamebaki wawili, Theopista na mlinzi wa geti. Katika nyumba za watumishi mapazia yalikuwa yameshushwa; jioni taa iliwaka katika nyumba moja tu, nayo ilikuwa ya Theopista. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Hakuwa ameolewa. Alikuwa amekwisha kupanga chumba mtaa wa Pasua, na alikuwa amekipima: kitanda, meza na kabati vingeenea, kiti cha pili kisingeenea.

Ndani ya bahasha mlikuwa na uyoga mkavu. Wa zamani kuliko wote uliokotwa na padri mmoja mwaka 1934, ukawa umebaki na rangi ya tumbaku. Kila bahasha ilikuwa na lebo, na kila lebo ilikuwa na mambo matano: jina la uyoga, mahali, mwinuko, tarehe, na jina la mkusanyaji. Kwa asiyejua, zilikuwa karatasi za kuwashia moto. Kwa anayejua, zilikuwa ushahidi kwamba kitu fulani kiliota mahali fulani siku fulani, na kwamba mtu fulani alikuwepo.

Jina la mkusanyaji lilikuwa na kanuni yake. Pale kituoni lililoandikwa ni jina la mkuu wa msafara, hata kama aliyeinama kuokota ni mwingine. Kwa miaka ishirini na miwili mkuu wa msafara alikuwa Remigius Tarimo, aliyemfundisha Theopista kazi, akafariki mwaka 1989 kwa ugonjwa wa figo. Bahasha 431 zilikuwa na jina lake. Jina la Theopista lilikuwa kwenye moja: namba 209, msitu wa juu ya Kilema, mita 2,050, tarehe 8 Mei 1971. Wiki ile Remigius alikuwa Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza alikuwa amemtuma peke yake. Kwenye orodha ya kituo, mbele ya namba hiyo, Remigius mwenyewe alikuwa ameandika: haujatambuliwa, huenda ni mpya.

Miaka ishirini na minane ya kazi, na mstari mmoja wa kuionyesha. Theopista aliujua ulipo: sanduku la tatu, safu ya pili, ya tisa kutoka kushoto.

Saa nne lori liliingia. Aliyeshuka alikuwa Dokta Grace Mmari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtunzaji wa mimea mikavu wa chuo kikuu kilichokubali kuupokea uyoga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmesafiri salama?"

"Salama. Ila Godlove hapa analalamika tangu Korogwe."

Godlove, dereva, alikuwa amesimama mlangoni akiyatazama masanduku. "Nisilalamike? Nimepewa lori la tani saba, nikajua nakwenda kubeba mashine. Kumbe uyoga. Huu wote haufiki hata gunia la mkaa."

"Haufiki kilo kumi na nne," Theopista alisema. "Nimeupima."

Godlove alimtazama usoni kutafuta kicheko. Hakukiona, akaenda kulala chini ya lori.

Masharti ya chuo yalikuwa mafupi. Kila bahasha ijulikane imeokotwa wapi, lini na nani, na kilichomo kilingane na kilichoandikwa. Isiyotimiza ingebaki, na kilichobaki mwekezaji angekichoma. Mpaka jioni walikuwa wamepitia bahasha 190. Kumi na nne ziliwekwa kando: lebo za tisa zilikuwa zimeliwa na mende, tano hazikuwa na tarehe. Theopista aliziandika zote. Hakubishana hata kwa moja.

Jumanne, muda mfupi baada ya saa tatu, walifika 209.

"Hii ndiyo iliyonileta," Grace alisema. "Kwa hizo nyingine ningemtuma mtu. Nimesoma maelezo yako ya msituni kwenye ile nakala uliyoniposti. Kama ni sahihi, sijui mahali pengine popote penye uyoga huu. Utapewa jina rasmi, na atakayeuandika atalazimika kuitaja lebo hii. Na wewe, mama."

"Maelezo ni sahihi."

"Umeshautazama kwenye hadubini?"

"Mwaka sabini na moja hadubini ilikuwa ya mkuu. Baadaye sikuufungua. Kila unapofungua, kitu kinapungua."

Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo sababu aliyokuwa amejizoesha kuitoa. Bahasha nyingine alikuwa amezifungua mara kadhaa kwa mwaka kuangalia wadudu. Hii aliishia kuipapasa kwa nje.

Ndani mlikuwa na vichwa vinne, vya kijivu, vimesinyaa. Harufu ya moshi wa kuni ilitoka mara karatasi ilipokunjuliwa. Grace alikata kipande kisichozidi ukucha, akakilowesha, akakiweka chini ya hadubini. Alitazama kwa dakika tatu. Akageuza lenzi, akatazama tena. Kisha akasogeza kiti chake nyuma, akamwachia Theopista nafasi.

Theopista aliinama. Alichokuwa anakitafuta ni spora, lile vumbi ambalo uyoga huzaana kwalo. Alikiona. Vumbi lilikuwa jingi, na lilikuwa jeusi.

"Daftari lilisemaje?" Grace aliuliza taratibu.

Hakuhitaji kulifungua, lakini alilifungua, akasoma alichokiandika akiwa na miaka thelathini. "Vichwa vinane. Kimoja nimekilaza juu ya kipande cha kioo usiku kucha. Asubuhi kimeacha vumbi jeupe."

"Nyeupe haigeuki nyeusi kwa kukauka."

"Haigeuki."

"Na kwa moshi?"

"Wala kwa moshi."

"Labda kioo kilikuwa na kitu. Unga."

"Kilikuwa safi." Alilifunga daftari. "Mwandiko ni wangu, na kioo nilikiosha mwenyewe. Kilichokosea si daftari. Ni hivi vichwa."

Alieleza jinsi vilivyokaushwa. Mei ile tanuri la kituo lilikuwa limeharibika, basi alivipanga vile vichwa saba vilivyobaki kwenye dari ya jiko la mama yake huko Kilema, juu ya moto, wanapotundika mbegu za mahindi na maharage zisiliwe na fukusi. Jumapili asubuhi alishuka Moshi. Jumamosi iliyofuata alirudi akavikuta vikavu, saba kamili. Vitatu vilipelekwa kwa mtaalamu Ulaya. Vinne ndivyo hivi.

"Na huyo mtaalamu alisemaje?"

"Remigius alisema hakujibu."

Lakini jibu la swali kama hilo linatafutwa kwenye faili, halitafutwi kichwani. Mchana huo Theopista alishusha faili za barua za 1971 na 1972 kutoka kabati la ofisi ya mkuu, ambalo hakuwa na sababu ya kuligusa kabla ya hapo. Barua ilikuwepo. Iliandikwa tarehe 3 Februari 1972. Mtaalamu alisema ametumiwa uyoga wa kawaida wa samadi, wenye spora nyeusi, ambao ungeweza kuokotwa kwenye zizi lolote. Maelezo yaliyoambatanishwa hayauhusu kabisa. Na anashauri mkusanyaji apewe mafunzo zaidi kabla ya kutumwa tena msituni. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko ule wa kulala wa Remigius, palikuwa na maneno matatu: T. asionyeshwe hii.

Alisoma mara mbili. Kisha akachukua madaftari ya safari, akayapanga kwa miaka, akayapitia moja moja hadi jua likashuka. Tangu Februari 1972 mpaka Remigius anafariki, zilikuwepo safari 138. Theopista alikuwemo katika 121. Katika zote hizo hakutumwa peke yake hata mara moja. Mwanzoni alikuwa ameambiwa ni utaratibu mpya. Baadaye, ni uhaba wa petroli. Naye Remigius, aliyejua tangu mwanzo kwamba 209 ina kasoro, hakuifuta kwenye orodha, wala hakulibadilisha lile neno huenda. Aliliacha jina la Theopista juu ya bahasha hiyo moja, akaandika la kwake juu ya nyingine zote za safari zao.

Inawezekana alimhurumia. Inawezekana vilevile alimwachia kilichooza. Barua haikusema, na mwenye kusema alikuwa kaburini miaka sita. Theopista alirudisha faili kabatini kwa mpangilio wa tarehe.

Jumatano alimwachia Grace aendelee na bahasha, yeye akapanda Kilema. Alishuka garini karibu na misheni, akafuata njia ya kando ya mfereji kati ya migomba na kahawa. Kahawa nyingine zilikuwa zimeng'olewa, mahali pake pamepandwa nyanya. Mama yake, Mektrida, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa jikoni akimenya ndizi mshare za mtori, kisu kikienda bila yeye kukitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefukuzwa tayari, au bado?"

"Bado. Ijumaa."

"Basi leo ni siku ya kazi." Mektrida aliinua macho. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukuuliza neno. Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa tano, niliacha uyoga pale darini. Vichwa saba."

Mama yake aliendelea kumenya ndizi hiyo mpaka mwisho, akaitumbukiza kwenye maji. "Umepanda kutoka Moshi kuja kuniuliza chakula cha mwaka wa sabini na moja."

"Kilikuwa chakula?"

"Marehemu Basili, yule katekista, alikuja baada ya misa. Hakutoa taarifa. Nyama haikuwepo, maziwa ndama alikuwa amenyonya yote. Nimpe mgeni ndizi zikimtazama peke yake? Nikaangalia darini."

"Ukavipika."

"Na mafuta na chumvi. Alikula akasema hajapata kula kitu kama kile. Mimi nilionja viwili."

"Mama, ulijuaje havina sumu?"

"Uyoga wenye sumu ukilala usiku mmoja kwenye moshi unageuka mweusi. Ule haukugeuka."

"Hiyo si kweli."

"Mimi huyu hapa," Mektrida alisema. "Na Basili alikufa juzijuzi, kwa kuanguka mgombani."

Theopista aliinua macho darini. Nje, wifi yake Salvina alikuwa akimkatia ng'ombe majani, na sauti ya panga ilisikika vizuri.

"Nilirudi Jumamosi nikakuta saba," Theopista alisema.

"Ungekuta ngapi? Uliniambia, mama, viko saba, vimehesabiwa, ni vya serikali. Sasa kitu cha serikali kilichohesabiwa kipunguke nyumbani kwangu? Wakupunguzie mshahara? Basili alipotoka tu nilikwenda pale nyuma ya zizi, vilikuwa vimeota vingi baada ya mvua. Nikachagua vinavyolingana ukubwa na vyako. Nikavipanga darini kama ulivyovipanga, vitatu mbele, vinne nyuma."

"Siku ileile ya Jumapili?"

"Kabla ya jua kuzama."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuja ukavifunga kwenye karatasi moja moja, kama mtu anashika hostia. Nikajua vimefaa." Mama yake alichukua ndizi nyingine. "Havikufaa?"

Theopista alipima jibu. "Vilikuwa saba," alisema.

"Eeh. Nilihesabu mara mbili."

Alikula mtori, akamtengenezea mama yake bawaba ya dirisha, akaenda nyuma ya zizi. Zizi lilikuwa limehamishwa mwaka 1980, lakini mawe ya msingi yalionekana. Alipima kwa hatua umbali kutoka pembe ya nyumba: kumi na nane. Hapakuwa na uyoga, ilikuwa Septemba. Kisha akapanda hadi mpaka wa msitu, mwendo wa saa moja na nusu, kutafuta lile gogo alipouokota uyoga mwaka 1971. Mahali alipolikumbuka gogo palikuwa na uwazi na visiki vya miti iliyopasuliwa mbao, na kati ya visiki mtu alikuwa amepanda viazi. Alizunguka kwa dakika arobaini. Alikuta aina tatu za uyoga mdogo wa kwenye mbao. Hakuna uliokuwa ule.

Alhamisi asubuhi alimweleza Grace yote aliyoyathibitisha, kwa mfuatano. Barua aliitaja, maneno ya penseli hakuyataja.

Grace alicheka aliposikia ya katekista, akaacha alipoona anacheka peke yake. "Kwa hiyo uyoga wenyewe ulikuwepo," alisema. "Uliuona kweli."

"Niliuona. Sasa hauna ushahidi."

"Mama, sikiliza." Grace alishusha sauti ingawa chumbani walikuwa wawili tu. "Naweza kuichukua kama ilivyo. Niiandike haujatambuliwa, iingie rafuni. Nani ataifungua?"

"Juzi imefunguliwa na wewe."

"Basi tufanye jingine. Katika hizi 431 za mzee Tarimo, ziko ulizookota wewe. Nionyeshe. Niandike majina mawili, lako na lake. Hilo si uongo."

"Si uongo."

"Ni ngapi?"

Theopista aliyatazama masanduku. Namba 388 aliiokota siku aliyoteleza akavunjika kifundo cha mkono. Namba 402 aliifukua kwa kijiko chake cha chai. "Theluthi," alisema. "Labda zaidi."

"Nionyeshe."

"Madaftari yana jina lake."

"Lakini unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Mbona ya bibi umeyaamini? Naye amekumbuka tu, tena ya miaka ishirini na minne."

"Ya mama yana spora nyeusi zinazoyathibitisha, na barua ya Ulaya, na zizi. Ya kwangu yana mimi tu."

Grace aliichukua bahasha, akaiweka kando. "Basi 209 naiacha. Haina mahali, haina tarehe, haina mkusanyaji."

"Vyote inavyo," Theopista alisema.

Alikaa mezani akachukua lebo mpya na wino mweusi wa kudumu. Aliandika kwa herufi ndogo zilizosimama, kama alivyofundishwa. Jina: uyoga wa samadi, wa kawaida. Mahali: Kilema, kihambani (shamba la nyumbani), nyuma ya zizi, hatua kumi na nane kutoka pembe ya nyumba. Mwinuko: mita 1,450, kwa kukadiria. Tarehe: 9 Mei 1971. Alipofika kwenye mkusanyaji aliinua kalamu, akaikausha ncha kwa kitambaa, akaandika: Mektrida Shirima.

Lebo ya zamani hakuitoa, maana lebo haitolewi kamwe. Aliipiga mstari mmoja juu ya jina lake, mwembamba, ili linalofutwa lisomeke. Chini akaongeza kipande cha karatasi: "Vichwa vilivyookotwa msituni tarehe 8 Mei 1971 na kuelezwa kwenye daftari la 14, ukurasa wa 31, havimo humu. Vililiwa Kilema tarehe 9 Mei na watu wawili. Hakuna aliyeugua. Mahali pake paliangaliwa tena tarehe 13 Septemba 1995. Msitu umekatwa, uyoga haukuonekana."

Grace alisoma lebo yote, akasoma karatasi. "Imetimia," alisema. Akaitia alama kwenye orodha yake.

Walimaliza bahasha chache zilizobaki saa nne na robo. Zilizokubaliwa zilikuwa 581. Thelathini na tatu zilibaki sakafuni, zimefungwa kwa kamba. Godlove alipakia masanduku kumi na mawili kwenye lori, akayabana kwa matairi mawili ya akiba yasihame, kwa kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa mno. Grace alimshika Theopista mkono kwa mikono yake miwili, akasema chuo huwa na kazi za muda, angemuulizia. Theopista alimshukuru.

Alisoma kipimajoto, akaandika nyuzi ishirini na mbili, akaweka saini. Mahali pa idadi ya bahasha aliandika sifuri.

Lori lilitoka getini saa tano na dakika ishirini. Bahasha namba 209 ilikuwa ndani, sanduku la tatu, safu ya pili, ya tisa kutoka kushoto.